Uume Usioshuka: Maradhi Mawili, Jina Moja, na Tiba ya Kuziba Mshipa

Msimu wa karafuu ukifika, wanaume wengi wa Pemba hushinda juu ya miti. Mkarafuu uliokomaa hupanda mita 10 na zaidi, matagaa yake hukatika kwa wepesi, na anayeteleza hafiki chini kila mara. Mara nyengine hudakwa na tagaa la chini, mguu huku na mguu huku, uzito wote wa mwili ukatua kwenye msamba, pale baina ya korodani na njia ya haja kubwa. Maumivu yake kila mwanamme anayajua bila ya kusimuliwa. Mtu hushuka, akakaa kivulini, akanywa maji, na jioni akarudi nyumbani na damu iliyovilia chini ya ngozi, basi.

Asubuhi ya pili au ya tatu anaamka na jambo ambalo hajui amwambie nani. Uume umesimama. Si kusimama kwa mwenye hamu, bali nusu, kama mpira wa baskeli uliopungua upepo. Hauumi. Lakini haushuki. Anashinda nao hivyo na kulala nao hivyo. Anavaa kikoi juu ya suruali, na akienda msikitini anatafuta safu ya nyuma.

Kijana huyu ni wa mfano. Sikumkusudia mtu yeyote. Lakini kila hatua ya mfano huo inajulikana kitabibu, pamoja na zile siku mbili tatu za kimya baina ya kuanguka na kusimama, na ipo tiba iliyotengenezwa kwa ajili ya hali kama yake hasa: kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa ya damu, kutokea kwenye paja, mpaka kwenye kimshipa kilichopasuka, na kukiziba kutoka ndani bila ya kumpasua mtu. Ni tiba ya ustadi mkubwa. Pia ni tiba inayofahamika vibaya kwa wepesi sana, kwa sababu anayeisikia anaweza kudhani ndiyo dawa ya kila uume usioshuka. Sivyo. Wengi wa wanaopatwa na hali hiyo wana maradhi mengine kabisa, na wao wakikaa kusubiri mrija huo watapoteza nguvu za kiume kwa umri wao wote uliobaki.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila ya hamu, au ukabaki umesimama baada ya hamu kwisha, madaktari huita priapizimu. Jina limetokana na Priapus, mungu wa hadithi za Wagiriki wa kale. Ubaya wake ni kwamba jina hilo moja limefunika mambo mawili yasiyofanana: la kwanza ni damu iliyokwama ndani, la pili ni damu inayomiminika bila ya kizuizi. Kwa macho ya mwenye nguo zake mwilini ni kitu kimoja.

Ndani ya uume mna mirija miwili iliyolala sambamba, imejaa nyama yenye vitundu vitundu, mithili ya zile sponji ambazo kinamama wa Jambiani huzilima kwenye kamba baharini. Katikati ya kila mrija hupita ateri ndogo inayoleta damu kutoka kwenye moyo. Siku zote mlango wa ateri hiyo umerudishwa tu: damu huingia kidogo, hutoka kidogo. Hamu ikija, neva huiamuru ateri ifunguke, damu ikaingia kwa wingi, vitundu vikajaa, na nyama iliyovimba ikazibana vena zinazorudisha damu dhidi ya ganda gumu linaloizunguka. Damu ikakosa pa kutokea, uume ukawa mgumu. Hamu ikiondoka, ateri hujikunja, vena huachiliwa, damu hurudi ilikotoka.

Hesabu, basi, ni ya kinachoingia na kinachotoka. Uume ukikataa kushuka, ama njia ya kutokea imefungika, ama njia ya kuingilia imepasuka.

Njia ya kutokea ikifungika, damu ile ile hukaa humo. Hii ndiyo aina inayowapata walio wengi, kama wagonjwa 95 katika kila 100. Damu iliyokwama huishiwa na oksijeni, hugeuka nyeusi na kuwa nzito, na nyama iliyozungukwa na damu ya namna hiyo huanza kufa. Fungeni kidole kwa uzi mkaone kinavyouma. Uchungu wa mgonjwa huyu ni wa asili hiyo hiyo, ila haufunguliki. Uume wake huwa mgumu kama ubao, isipokuwa kichwa chake, ambacho hubaki laini. Haguswi. Kukaa hawezi, kulala hawezi. Ikipita saa 12 nyama ya ndani huanza kuharibika, ikipita saa 24 uharibifu huwa mkubwa, na kuanzia saa 36 hivi matumaini ya uume huo kusimama tena wenyewe siku za mbele huwa madogo sana. Zile sponji hugeuka kovu, na kovu halivimbi.

Kwetu sisi chanzo kimoja cha aina hii kinastahili kutajwa kwanza, nacho ni selimundu. Tanzania imo katika nchi za mwanzo duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo. Seli za damu zilizojikunja kama mundu hukwama kwenye vitundu vya uume kama zinavyokwama kwenye mifupa na tumbo. Kwa vijana wengi wa selimundu huanza kidogo kidogo: usiku uume husimama kwa maumivu, saa 1, saa 2, kisha unashuka wenyewe alfajiri. Mtoto haoni pa kuanzia kumwambia mama yake, na baba hakuulizwa. Vijitukio hivyo vya usiku ni onyo. Mzazi mwenye mtoto wa kiume mwenye selimundu anatakiwa amwambie mwenyewe, mapema, kwa maneno ya wazi: mwanangu, ukiamka usiku na hali hii na haishuki, niamshe, hata saa 9 ya usiku.

Vyanzo vyengine ni dawa. Zimo sindano za kusimamisha zinazochomwa kwenye uume wenyewe, zimo baadhi ya dawa za maradhi ya akili kama klopromazini, na zimo poda za kuongeza nguvu ambazo muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa hofu ya niliyoyasema. Aijue dalili tu, na akiiona aende akaseme.

Tiba ya aina hii ni ya haraka na haina mambo mengi. Daktari hutia ganzi, huchoma sindano ubavuni mwa uume, huvuta damu ile nyeusi, na akihitaji hudunga kiasi kidogo cha dawa ya kukaza mishipa, mara nyingi fenilefrini, huku presha ya mgonjwa ikiangaliwa. Isipotosha, daktari wa upasuaji hufungua njia ya pembeni ili damu itoke. Hapa hakuna mrija wa kuziba ateri. Kuziba ateri kwa mtu ambaye nyama yake tayari inakufa kwa kukosa damu mpya ni kumwongezea msiba.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa mkarafuu.

Kwake vena ziko wazi. Kilichopasuka ni ile ateri ya katikati, au kitawi chake, ilipobanwa baina ya tagaa na mfupa wa nyonga. Ateri iliyopasuka hummwagia damu moja kwa moja ndani ya vitundu, mchana na usiku, bila ya kungoja amri ya neva. Mfikirie mtu aliyevunja kichwa cha mfereji uani: maji hayana wa kuyafunga, lakini uani hapafuriki mpaka shingoni, kwa sababu mtaro upo na unachukua. Ndiyo sababu uume husimama nusu, hauwi mgumu kamili. Na kwa kuwa damu inayopita humo ni mpya, nyekundu, imejaa oksijeni, nyama haifi, na isipokufa haiumi.

Na zile siku mbili tatu za kimya? Ateri ilipopasuka damu iliganda papo hapo ikaziba tundu, kama inavyoganda kwenye mchubuko wowote. Halafu usiku, usingizini, uume wa mwanamme mzima husimama wenyewe mara kadhaa; msukumo wa damu wa mojawapo ya nyakati hizo ukaling'oa lile bonge dogo. Ndipo anapoamka na mshangao. Mtu ambaye haujui mpango huu hawezi kuunganisha anguko la Jumamosi na hali ya Jumatatu, na hapo ndipo maelezo mengine yanapopata nafasi.

Nayo maelezo hayo tunayajua. Kwa watu wa pwani mwanamme mwenye tatizo la ghafla kwenye sehemu hizo hunong'onezewa habari ya tego: kwamba kaingia kwa mke wa mtu, na mwenye mke kategesha. Sitaki kumkejeli mtu kwa imani yake. Nasema tu neno hilo hufanya kazi ya kufunga milango. Kijana mwenye mke wake wa ndoa, aliyeanguka kwenye mti akiwatafutia wanawe, anaogopa kwenda spitali kwa sababu atakayemwona foleni atafikiria tego. Wa selimundu naye anaogopa hivyo hivyo, na yeye saa zake zinahesabika. Haya hii ninaichukia kwa moyo wangu wote. Stara ni jambo jema na mgonjwa ana haki ya kuiomba: kusemea dirishani kwa sauti ndogo kwamba "nina tatizo la kiume la dharura", kuonwa chumbani na si mbele ya watu, kuomba muuguzi wa kiume. Daktari amewahi kuona makubwa kuliko haya.

Anayeanguka si mchuma karafuu peke yake. Mkwezi wa nazi yumo, fundi wa paa yumo, na watoto wa baskeli wamo zaidi ya wote: mguu ukiteleza kwenye pedeli, mtoto hukaa kwa kishindo juu ya chuma cha mlalo. Baskeli za watu wazima wanazopanda watoto wetu, ambazo miguu yao haifiki chini, zina chuma hicho hasa. Teke la mpira au la ngumi za mchezo nalo linatosha. Na mara chache tundu hutokana na sindano au upasuaji uliofanywa kutibu ile aina ya kwanza, mgonjwa akatoka kwenye aina moja akaingia kwenye nyengine.

Daktari hutofautishaje? Nusu ya jibu imo katika kusikiliza: uliumia? kunauma? ni mgumu kiasi gani? Nusu ya pili huvutwa kwa sindano. Damu ya aina ya kwanza hutoka nyeusi. Ya pili hutoka nyekundu inayong'aa, na tofauti hiyo macho matupu yanaiona, awe daktari yuko Micheweni au yuko jiji kubwa. Penye mashine ya kupima gesi za damu hupatikana tarakimu. Oksijeni chini ya milimita 30 za zebaki, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) chini ya 7.25, ni damu iliyokwama. Oksijeni juu ya 90 na pH karibu na 7.4 ni damu ya ateri, haikukwama popote. Halafu kuna ultrasaundi yenye dopla, ndugu wa kipimo kile kile kinachomwangalia mtoto tumboni, ambayo huonesha mwendo wa damu kwa rangi na sauti. Kwa damu iliyokwama dopla huwa kimya au karibu na kimya. Kwa ateri iliyopasuka hukoroma, na penye tundu rangi huchanganyika ovyo kama maji yanapokutana na mwamba.

Kisha hufuata jambo ambalo wagonjwa wengi hulipokea kwa shida: kungoja. Kwa kuwa nyama haifi, miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo inashauri aliyepasuka ateri aangaliwe kwanza, kwa muda wa kama wiki 4, kabla ya kufanyiwa lolote. Wengi tundu lao huziba lenyewe. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa na kukandamiza msamba husaidia baadhi yao, hasa watoto, ambao nyama yao ya msamba ni nyembamba na mkandamizo hufika penye tundu. Kungoja huku ni tiba, kwa sharti kwamba daktari amekwisha kuhakikisha ni aina ya pili. Asiyepimwa hana ruhusa ya kungoja.

Isipoziba, au mgonjwa akiwa hawezi tena kuvumilia, ndipo linapokuja suala la mrija.

Historia yake si ya zamani. Mwaka 1960 madaktari wa Marekani waliandika habari ya mgonjwa ambaye uume wake ulisimama kwa sababu ya ateri iliyopasuka, na ndipo ilipoanza kueleweka kwamba maradhi ni mawili. Mwaka 1977, huko huko Marekani, madaktari waliandika habari ya kuziba ateri kama hiyo kwa kutumia bonge la damu ya mgonjwa mwenyewe, lililopelekwa kwa mrija. Kabla ya hapo njia iliyokuwepo ilikuwa kisu: kufungua na kuifunga ateri, na mara nyingi kuifunga pamoja na nguvu za mtu.

Siku ya kazi mgonjwa hulala chali akiwa macho, kwenye meza ya mashine ya eksirei inayoonesha picha zinazotembea. Kabla ya hapo ameulizwa kama figo zake ni nzima na kama ana mzio wa ayodini, kwa sababu dawa ya rangi itakayotumika ina ayodini na hutoka kwa njia ya figo. Ganzi hutiwa kwenye kinena, au siku hizi mara nyengine kwenye kifundo cha mkono. Sindano huingia kwenye ateri. Ndani ya sindano hupitishwa uzi laini wa chuma, sindano ikatolewa, na mrija ukateleza juu ya uzi. Ufundi huo aliueleza Msweden Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953, na mpaka leo ndio mlango wa karibu kila tiba ya namna hii, iwe ya moyo, ya ini au ya fuko la uzazi.

Mrija hupanda mpaka aota, mshipa mkuu, ambao karibu na usawa wa kitovu hugawika mara mbili. Daktari huuelekeza kwenye tawi la ndani la nyonga, kisha kwenye tawi la msamba, kisha la uume. Kila kwenye njia panda hudunga rangi kidogo, akatazama kiooni, akachagua. Njia zikianza kuwa nyembamba hupitisha ndani ya mrija ule mrija mwengine ambao unene wake haufiki milimita 1. Mwisho rangi hufika penye tundu na kumwagika nje ya mstari wa mshipa, kama hina iliyochuruzika nje ya ua mkononi mwa bi harusi. Hapo ndipo. Picha hupigwa pande zote mbili, kwa sababu ateri za kulia na za kushoto hupeana damu, na tundu la upande mmoja linaweza kulishwa na upande wa pili.

Sehemu ngumu ni kuziba tundu bila ya kuziba zaidi ya tundu. Ateri hiyo ndiyo ile ile ambayo mtu ataihitaji atakapotaka kusimamisha kwa hiari yake. Daktari akiziba juu sana, huko kwenye mshipa wa msamba, maradhi yatapona na nguvu zitaondoka. Kwa hiyo husogea mpaka karibu kabisa na tundu, na akiweza huziba upande mmoja tu.

Kinachozibia ni cha namna mbili. Kuna cha muda: bonge la damu ya mgonjwa, ambalo mwili huliyeyusha ndani ya siku chache, au vipande vya sponji ya jelatini vinavyoyeyuka kwa wiki kadhaa. Hesabu yake ni kwamba kizibo kikiondoka tundu litakuwa limepona, na ateri itafunguka tena. Na kuna cha kudumu: vijikoili vidogo vya platinamu, au gundi inayoganda ikikutana na damu. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kilipojumlisha ripoti zilizokuwepo mpaka 2003, kilikuta vizibo vya muda na vya kudumu vinatibu kwa karibu kiasi kimoja, asilimia 74 na 78, lakini waliobaki na udhaifu wa nguvu za kiume walikuwa asilimia 5 kwa vya muda na 39 kwa vya kudumu. Tofauti ya kutisha. Ripoti za baadaye, mirija ilipokuwa myembamba na picha kuwa safi, zimeonesha kwamba pengo hilo limepungua sana. Kwa fikra yangu hilo lafaa kutukumbusha kwamba mahali palipozibwa pana uzito kuliko kilichozibia. Kwa upande mwengine, kizibo kinachoyeyuka kinaweza kuyeyuka kabla ya tundu kupona, na mtu akarudi mezani mara ya pili. Mgonjwa aambiwe hilo mapema asije akadhani amefeli au amefelishwa.

Kuhusu jelatini kuna neno ambalo vitabu vya tiba hulipita, na kwetu halipitiki. Sponji ya jelatini inayotumika zaidi mahospitalini hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Wako wanazuoni wanaosema kitu kikishageuka asili yake hukumu nayo hugeuka, wako wasiokubali, na kanuni ya dharura kila aliyekaa chuoni anaijua. Lakini dharura hupimwa kwa kuwepo au kutokuwepo mbadala, na hapa mbadala upo: damu yake mwenyewe, au platinamu. Basi swali hili liulizwe kabla ya siku ya kazi, kwa adabu na bila ya woga: daktari, mtaniziba kwa nini, na kimetokana na nini? Ni haki ya mgonjwa, na daktari mzuri atafurahi kuulizwa mapema kuliko kuulizwa baadaye.

Kazi yote kwa kawaida huchukua saa 1 au 2. Mrija hutolewa, pale penye tundu la sindano panakandamizwa, mgonjwa hulala bila ya kukunja mguu kwa saa kadhaa. Hakuna mshono. Uume hauporomoki papo hapo kila mara. Wengine hubaki na uvimbe kwa siku kadhaa, nyama ikiwa imezoea kujaa. Kuingiliana kunasimamishwa kwa wiki kadhaa ili tundu lipate nafasi ya kupona, na dopla hurudiwa. Nguvu hurejea polepole, mara nyengine kwa miezi. Hatari zipo: damu kuvilia kwenye kinena, kizibo kuteleza kikaenda kusikotakiwa na kuijeruhi ngozi ya karibu, udhaifu wa kudumu kwa baadhi. Si nyingi, lakini asiyeambiwa hakushauriwa.

Kwa mtu wa visiwani swali linalofuata ni wapi. Kabla ya mwaka 2018 Tanzania nzima haikuwa na daktari bingwa wa fani hii ya kutibu kwa mirija chini ya eksirei. Mwaka huo madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walianza kufika Muhimbili kufundisha kwa zamu, mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Muhimbili kikafungua shahada ya uzamili ya fani hiyo, na sasa wapo Watanzania waliohitimu wanaofundisha wenzao. Mlango wa kuulizia, kwa hiyo, uko Dar es Salaam, kwa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja. Miaka michache nyuma jibu lingekuwa India.

Hapa jiografia yetu na maradhi haya mawili hukutana kwa namna ya pekee. Kijana aliyepasuka ateri ana wiki. Anaweza kupimwa Chake Chake au Mkoani, akangoja, akapanda boti kwenda Unguja akionekana ipo haja, akavuka tena kwenda Dar es Salaam, na asipoteze kitu. Yule mwenye damu iliyokwama hana hata boti ya asubuhi. Akitoka Konde saa 3 ya usiku na maumivu yaliyoanza magharibi, tiba yake ni sindano na mtu wa kuishika, usiku huo huo, katika spitali ya karibu. Anayemwambia asubiri "wataalamu wa mrija" amekusudia wema na amemdhuru. Kwa hiyo mchukuaji wa mgonjwa, awe kaka, ami au dereva wa gari la dharura, ashike maneno mawili ya kumpa daktari mlangoni: hali imeanza saa ngapi, na inauma au haiumi.

Limebaki swali ambalo wanaume huliuliza wakishafungua mlango kutoka, mkono ukiwa bado kwenye kitasa: nitazaa? Mrija huu haumnyimi mtu uzazi. Korodani hazilishwi na ateri iliyozibwa. Mishipa yake hutoka juu tumboni, karibu na figo, ikateremka kwa njia yake yenyewe. Mrija wa daktari unapita mbali nayo, na mbegu huendelea kutengenezwa siku ile ile mtu amelala mezani.